Mkono Mzito wa Mashine ya Kukatia Karatasi: Uchambuzi wa Kisa

## Usuli

Kisa hiki kinatoka katika duka la uchapaji lenye wafanyakazi wanne, kwenye mji mmoja wa mkoani Tanzania Bara. Majina ya watu, ya duka na ya mji yameondolewa, pamoja na chapa ya mashine. Kazi za duka ni zilezile za wachapaji wadogo wengi: vitabu vya risiti, mitihani ya shule, kadi za harusi, ratiba za mazishi, na kalenda mwaka unapokaribia kuisha. Kila kazi, iwe imechapwa kwa njia gani, lazima ipite kwenye mashine moja ya kukatia karatasi. Hiyo ikigoma, duka zima linasimama.

Mashine yenyewe ni ya mkono, imekaa juu ya miguu ya chuma, na inakata upana wa sentimita 43. Kibati chake kinasema rundo lisizidi milimita 40. Karatasi ya gramu 80 ina unene wa karibu sehemu moja ya kumi ya milimita, kwa hiyo hapo ni kama karatasi 400. Rimu nzima ya 500 haiingii. Umbo la msingi ni la zamani sana. Mfaransa Guillaume Massiquot alisajili hataza ya mashine ya kukatia karatasi mwaka 1844, na mashine hii bado ni ya ukoo huo: rundo linabanwa kwa gurudumu la juu, mkono unavutwa, kisu kirefu kinashuka huku kikiteleza kwa pembeni, na makali yanamalizia kwenye fimbo ya plastiki iliyolazwa ndani ya meza.

Mashine ilinunuliwa ikiwa imeshatumika. Kwa miaka kadhaa ilifanya kazi vizuri, kisha mkono ukaanza kuwa mzito kidogokidogo, na vitabu vikaanza kutoka vikiwa na pembe zisizo mraba. Niliitwa kama fundi wa mitambo ya uchapaji. Mwenye duka, mama wa makamo anayeijua kazi yake, alikuwa ameshaamua dawa.

"Fundi, mimi nataka unifungie mota. Vijana wangu wanaumia mabega."

"Mama, nipe kwanza nafasi niipime. Mota haijui kama kilicho chini ya kisu ni karatasi au kidole."

## Hali tuliyoikuta

Vijana walikuwa wameshajitafutia suluhisho lao. Walichukua bomba la maji wakalivika kwenye mkono wa mashine, mkono wa sentimita 70 ukazidi mita moja. Kuvuta kukawa rahisi. Ila nguvu iliyopungua mabegani ilihamia kwenye kiungo kinachounganisha mkono na kisu, na kiungo hicho kilisanifiwa kwa mkono mfupi. Pini ilipinda. Jicho la mkono, yaani sehemu yenye tundu la pini, lililotengenezwa kwa chuma cha kusubu (kilichoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu), likapata ufa. Fundi wa barabarani akalichomelea kwa fito za kawaida, na ufa ukarudi pembeni kidogo ya ule mshono. Chuma cha kusubu ndivyo kilivyo. Kikichomelewa kwa fito za kawaida bila kupashwa moto taratibu, sehemu iliyo jirani na mshono inakuwa ngumu na rahisi kuvunjika, na mzigo ukirudi inapasuka.

Kisu nacho kilikuwa kimenolewa kwa grenda ya mkononi. Kwenye makali mlikuwa na madoa ya buluu, dalili kwamba chuma kilipata joto hadi kikapoteza ugumu wake. Pale penye madoa makali yalikufa haraka kuliko kwingine, hivyo kisu kikawa kinakata vizuri kushoto na kutafuna kulia. Mbaya zaidi, aliyenoa aliongeza mteremko wa pili mfupi kwenye ncha ili makali yapatikane upesi. Pembe ikawa butu, kama nyuzi 35, wakati visu vya kazi hii kwa kawaida huwa karibu na nyuzi 24.

Jambo moja lilinipa wasiwasi kuliko yote hayo. Mkono ulipoinuliwa juu haukuwa na kitu cha kuushika. Ulikaa kwa uzito wake na kwa msuguano tu, na mkataji alikuwa anaingiza mikono yote miwili chini ya kisu kupanga karatasi.

## Kupima kabla ya kufungua

Tulifanya vipimo vitatu, vyote kwa vifaa vinavyopatikana sokoni.

Cha kwanza ni nguvu ya kuvuta. Tulifunga kamba kwenye ncha ya mkono, bila bomba, tukavuta kupitia mizani ya kuning'iniza, ile ya wauza samaki. Kwa rundo la milimita 30 mizani ilifika kilo 36. Kisha tukavuta mashine ikiwa tupu kabisa: kilo 9. Namba hii ya pili ndiyo iliyobadilisha mazungumzo. Robo ya jasho la vijana ilikuwa inaishia kwenye chuma kinachosuguana na chuma kabla karatasi haijaguswa.

Cha pili ni mstari wa penseli. Rundo likishabanwa, unachora kwa rula mstari wima ubavuni mwa rundo, karibu na kibanio (chuma kinacholikandamiza rundo), kuanzia karatasi ya juu hadi ya chini. Unakata, halafu unautazama kabla hujalegeza gurudumu. Ukibaki umenyooka, karatasi hazikusogea. Wa kwetu ulivunjika: karatasi za juu zilikuwa zimevutwa mbele kama milimita mbili, za chini hazikusogea hata kidogo. Karatasi inayovutwa mbele wakati wa kukatwa inatoka fupi.

Cha tatu ni skwea, kifaa cha kupimia pembe mraba, iliyosimamishwa kwenye ukingo uliokatwa. Tulitarajia ukingo ulalie upande mmoja. Tulichokiona ni tumbo: katikati ya rundo kumetokeza, juu na chini kumeingia ndani.

Hapa inafaa kukaa kidogo, maana watu wengi wanapoona tumbo hilo hukimbilia kukilaumu kisu peke yake. Kisu cha mashine hii kina mteremko upande wa mbele tu. Nyuma ni bapa. Kinapozama, vipande vinavyokatwa vinausukuma ule mteremko, na kisu kizima kinasukumwa kurudi nyuma, kuelekea rundo lililobanwa. Mafundi seremala wanaijua tabia hii kwenye patasi: ukiigonga wima juu ya mstari, inarudi nyuma kuuvuka mstari. Kinachokizuia kisu kisirudi ni njia zake, yaani vyuma vya pembeni vinavyokiongoza. Njia zikilegea, kadiri kisu kinavyoshuka ndivyo kinavyozidi kuingia ndani, na karatasi za chini zinatoka fupi. Kwa hiyo tulikuwa na magonjwa mawili yenye dalili zinazopishana. Kibanio dhaifu kilifupisha karatasi za juu. Njia zilizolegea zilifupisha za chini. Za katikati ndizo zilizobaki na urefu wa haki, zikaonekana ndizo zenye kosa.

Tulipokata rundo jembamba, kama karatasi 50, makosa yote mawili yalipotea machoni. Ndiyo maana mwenye duka alikuwa anasema mashine "siku nyingine inakubali".

## Maamuzi na sababu zake

Mota tuliikataa. Hoja haikuwa bei tu. Mashine za kukatia zinazoendeshwa kwa umeme huwa na vitufe viwili vinavyotaka mikono yote miwili, breki ya kukisimamisha kisu, na mpangilio unaozuia kisu kushuka kabla kibanio hakijabana. Fremu hii haikuwa na hata kimoja, na kuvitengeneza kwa kubahatisha ni kucheza na mikono ya watu. Bomba nalo tuliliondoa siku ileile.

Tulikubaliana kufuata mpangilio huu: kwanza karatasi isisogee, pili kisu kiongozwe, tatu kisu kinolewe, na mkono uguswe mwisho. Kijana mkataji alitaka kisu kiende kunolewa kwanza, na hoja yake ilikuwa na uzito, kwa sababu makali mabovu ndiyo yaliyokuwa yanakula nguvu nyingi kuliko kitu kingine. Lakini kisu kilichonolewa upya kikifungwa kwenye njia zilizolegea kinaweza kugusa chuma cha kibanio, na makali yanaharibika kabla hata hayajafanya kazi.

Kibanio. Nati ya skrubu ya gurudumu ilikuwa imekwisha meno. Gurudumu lilikaza vizuri, kisha kisu kikianza kuzama na fremu ikitikisika, linarudi nyuma kidogo. Fundi mchonga vyuma alitengeneza nati mpya ya shaba, ndefu kuliko ya zamani, ili mzigo ugawanywe kwenye meno mengi. Shaba ilichaguliwa kwa makusudi: ikifika kuliwa, iliwe nati, isiliwe skrubu ambayo ni ghali kuichonga. Uso wa kibanio tuliusawazisha, kwa kuwa ulikuwa umepinda katikati.

Kwa vitabu vilivyopigwa stepla tuliongeza kitu rahisi mno. Mgongo wa kitabu huwa mnene kuliko ukingo wake, na vitabu kumi vikipangwa pamoja, kibanio kinashika migongo tu huku kingo zikielea. Tulikata vipande vya kadibodi ngumu vya kujazia upande mwembamba. Kadibodi hizo zimesaidia kuliko tulivyodhani.

Njia za kisu. Tulifungua, tukasafisha. Ndani mlikuwa na mseto wa grisi ya zamani na vumbi la karatasi, umegeuka gundi. Hii ndiyo sababu kubwa ya zile kilo 9. Tuliweka vipande vya bati jembamba nyuma ya chuma cha kuongozea, tukikaza na kupima mpaka kisu kishuke bila kucheza na bila kukwama. Ukikaza kupita kiasi unarudisha uzito uleule uliokuja kuuondoa. Badala ya grisi sasa wanatumia matone machache ya oili nyepesi, kwa sababu grisi inashika vumbi la karatasi na vumbi la karatasi linakula chuma.

Kiungo na pini. Jicho lenye ufa halikuchomelewa tena. Tulikata jipya kutoka kwenye bamba la chuma cha kawaida, tukaliweka bushi ya shaba na pini iliyonyooka, na tukatoboa tundu la kudondoshea oili. Chuma cha kawaida kikizidiwa kinapinda kwanza, na mtu anakiona. Chuma cha kusubu kinakatika ghafla.

Kisu. Kilipelekwa kwenye karakana yenye mashine ya kusaga bapa inayomwagia maji. Waliondoa chuma chote chenye madoa ya buluu, wakarudisha pembe ya nyuzi 24 na mteremko mmoja. Kukitoa na kukirudisha kisu ndiyo saa ya hatari kuliko zote, kwani kisu kilicholala mezani kinakata vilevile. Kabla hatujalegeza bolti hata moja tulichonga ubao wenye mfereji, makali yakaingia humo, na kisu kikasafiri kikiwa kimefungwa kwenye ubao wake.

Wakati wa kukirudisha, urefu wa kushuka ulirekebishwa kwa karatasi moja. Unashusha kisu upande wa kushoto na kulia kidogokidogo mpaka karatasi ya mwisho ikatike kwa upana wote, na makali yaache alama tu kwenye fimbo ya plastiki bila kuchimba. Fimbo ile ni ya mraba. Ina nyuso nne, na kila uso unaweza kugeuzwa kichwa kwa mkia, kwa hiyo inatumika mara nane kabla ya kutupwa. Hapa dukani ilikuwa haijawahi kugeuzwa. Waliposhindwa kukata karatasi za mwisho walizidi kukishusha kisu.

Ukuta wa nyuma, ambao karatasi huegemezwa kabla ya kukatwa. Tulikata karatasi mbili pamoja, tukaigeuza moja chini juu, tukalinganisha. Njia hii inaonyesha kosa mara mbili, hata nusu milimita inaonekana. Bolti moja ilikuwa imelegea. Baada ya kuikaza tulitengeneza vipande vya chuma bapa vya urefu maalumu, kimoja cha A5 na kimoja cha theluthi ya A4, ili ukuta upangwe kwa kukiegemeza kipande na si kwa kukodolea macho rula. Nusu ya milimita 297 ni 148.5, wakati A5 rasmi ni 148. Anayekata A4 katikati mara moja tu anapata vitabu vinavyozidi kwa nusu milimita, na jalada lililoagizwa tayari likiwa A5 linaonekana fupi. Kipande chetu ni 148 kamili, na utepe unaobaki unatupwa.

Kishikio cha mkono. Tulifunga pini yenye springi inayoushika mkono ukifika juu. Kuufungua, mkono wa kushoto wa mkataji lazima uvute kitasa kilicho ubavuni mwa fremu na kukishikilia mpaka kisu kianze kushuka. Maana yake, mkono wa kulia uko kwenye mashine, wa kushoto uko kwenye kitasa, na hakuna uliobaki chini ya kisu. Mbele tuliweka plastiki angavu.

## Kilichofuata

Baada ya kusafisha njia na kubadilisha pini, mashine tupu ilivutwa kwa kilo 4, na rundo lilelile la milimita 30 kwa kilo 29. Kisu kilipokuja, ikashuka hadi 18. Mstari wa penseli ulinyooka. Skwea ilikaa bapa kwenye ukingo, isipokuwa kwa rundo linalokaribia milimita 40, ambako bado kuna mwanya mdogo chini. Tuliwashauri wakate kwa milimita 30, nao wamelishika hilo kwa kubandika alama nyekundu kwenye fremu.

Mambo mawili hayakwenda vizuri.

Kitu cha kwanza kilikuwa kibanio chenyewe. Kilipopata nguvu, vitabu vya risiti vya karatasi za NCR, zile zinazojinakili bila kaboni, vilianza kutoka na mstari wa buluu upande mmoja. Karatasi hizo zina vifuko vidogo vya rangi vinavyopasuka kwa mgandamizo. Haziwezi kutofautisha kalamu na kibanio. Mteja mmoja alirudisha kazi yote. Suluhisho limekuwa ubao mpana wa kuweka juu ya rundo ili kusambaza mgandamizo, karatasi chache za taka kati ya ubao na kazi, na rundo jembamba zaidi. Alama imepungua sana, ila kwenye karatasi nyepesi haijaisha.

La pili ni kitasa. Nilipopita tena dukani, nilikuta kimefungwa kwa mpira wa tyubu ya baiskeli, kimeachwa wazi moja kwa moja. Kijana hakuficha. "Shikamoo fundi. Kile kitasa kigumu, vidole vinauma ikifika mchana." Alikuwa anasema kweli: springi ilikuwa nzito mno kwa mtu anayekivuta kutwa nzima. Kabla ya hapo fundi wa magari wa jirani alikuwa ameshawafungia shoki ya boneti ili mkono ujiinue wenyewe. Nayo iliwarudisha nyuma, kwa sababu nguvu ya kuinua lazima ilipwe wakati wa kushusha, na mkono ukiachiwa katikati ya kukata ulikuwa unaruka juu. Shoki ilitolewa. Springi ya kitasa ikabadilishwa kwa laini, na kitasa kikawekewa wenzo mfupi unaovutwa kwa kiganja badala ya vidole viwili. Tangu hapo hakijafungwa mpira tena.

Gharama yote, pamoja na kunoa, haikufika nusu ya hesabu ambayo mwenye duka alipigiwa kwa mota na gia.

## Uchambuzi

Kilichoamua mafanikio ni kuvuta mashine ikiwa tupu. Bila namba ile, uzito wote ungebebeshwa kisu au mabega ya vijana, na dawa ingekuwa nguvu zaidi: bomba refu, kisha mota. Nguvu zaidi kwenye kiungo kilichopinda inaharakisha kuvunjika tu. Bomba lilikuwa limeshathibitisha hilo, ingawa hakuna aliyeunganisha ufa wa jicho na urahisi walioupata.

Mstari wa penseli na skwea vilifanya kazi kwa sababu vilitumika pamoja. Skwea peke yake ingetuonyesha tumbo bila kusema limetoka wapi. Tungekaza njia tu, karatasi za juu zingebaki fupi. Tungebadilisha nati tu, za chini zingebaki fupi. Kwa vyovyote vile mwenye duka angeona nusu ya ugonjwa imebaki na kuamini kwamba mashine imezeeka.

Mpangilio wa kazi uliligharimu duka subira. Vijana walivuta mkono mzito kwa muda zaidi wakati sisi tunahangaika na nati na mabati, na manung'uniko yalikuwepo. Naona bado ulikuwa sahihi, kwa sababu kisu kina akiba yenye mwisho: kila kikinolewa kinafupika, na matundu ya bolti yanaruhusu kukishusha kwa kiasi fulani tu. Kunoa kwa grenda kulishakula sehemu kubwa ya akiba hiyo.

Kasoro ya NCR ingeweza kuonekana mapema. Majaribio yetu yote yalifanywa kwa karatasi ya gramu 80, ilhali kitabu cha risiti ndiyo mkate wa duka hili. Jaribio lingetakiwa kufanywa kwa kazi inayolipa, si kwa karatasi iliyo karibu na mkono.

Kuhusu kitasa, lawama haimwangukii kijana. Kinga inayouma itafungwa mpira, hata na mtu mwangalifu, kwa sababu maumivu yapo kila siku na ajali haijatokea. Kilichohitajika tangu mwanzo ni kukaa na anayekivuta kwa siku nzima ya kazi, wakati wa mitihani, na kupima nguvu ya vidole vyake kwa umakini uleule tuliopimia nguvu ya bega.

Kwa sasa kisu kimebakiza nafasi ya kushushwa kwa kunoa kama mara mbili. Mwenye duka ameanza kuweka pembeni fedha ya kisu kipya, na kile cha sasa kitabaki akiba ya kukatia makadibodi na karatasi chakavu. Fimbo ya plastiki inageuzwa kila mwanzo wa mwezi, na namba ya uso unaotumika imeandikwa kwa kalamu ya wino mzito kwenye ncha yake.